Mbao za aina mbili kwenye kazi moja: dalili, vyanzo na tiba

Meza ya mninga na mkaratusi ikipasuka, neno la kwanza kusikika, karakana hata sebuleni kwa mteja, ni kwamba mbao hizo haziendani. Likishasemwa hilo, utafutaji unaishia hapo. Fundi anautoa mkaratusi, anaweka mti mwingine, anarudia kazi ileile kwa namna ileile, na ufa unarudi. Msimamo wangu ni kwamba karibu mbao zozote mbili zinaweza kukaa pamoja, mradi ujue kila ubao unacheza kiasi gani, umebeba maji kiasi gani, na nyuzi zake zinaelekea wapi. Rangi, ambayo wengi huanza nayo, iangaliwe mwisho.

Na kuchanganya si urembo tu siku hizi. Mninga, mkongo na mkangazi zimepanda bei na zinazidi kubanwa: Novemba 2022 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kusimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, zilikubaliana kuziingiza jamii za miti hiyo zilizoko Afrika kwenye Kiambatisho cha Pili, ambako mpingo ulikuwa umeshaingia tangu 2017. Wakati huohuo misonobari ya shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi na mikaratusi ya mashamba ya watu ipo tele. Fundi mwenye akili anaweka mninga panapoonekana na panaposhikwa, kwingine anatumia mti wa kupandwa. Kazi ya namna hiyo inastahili kufanywa vizuri.

Kabla ya dalili yoyote: pima maji

Kama una kipima unyevu, chomeka sindano zake kwenye kila ubao, si ubao mmoja wa kila aina. Kama huna, kata kipande kidogo katikati ya ubao (ncha hukauka kwanza, zitakudanganya), kipime kwa mizani ya jikoni ya dijitali, kiweke kwenye oveni ya nyuzijoto 103 hadi uzito uache kushuka, kisha pima tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Hiyo ndiyo asilimia ya maji.

Mbao isiyo na pa kukimbilia hulingana na hewa inayoizunguka. Kwenye hewa ya pwani yenye unyevunyevu wa asilimia 80, Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mbao hutulia kwenye asilimia 15 hivi. Hewa ikiwa na unyevunyevu wa asilimia 55, kama ilivyo Dodoma kwa muda mrefu wa kiangazi, hutulia karibu na 10. Ofisini penye kiyoyozi kinachofanya kazi mchana kutwa inaweza kushuka hadi 9 au 8. Kwa hiyo kabati lililotengenezwa Keko, Dar es Salaam, na kupelekwa ofisi ya Dodoma litapoteza asilimia 5 ya maji hata kama mbao zake zilikauka vizuri kabisa pale lilipotengenezwa. Muulize mteja kitu kinakwenda kukaa wapi kabla hujauliza anataka rangi gani.

Tofauti ya unyevu kati ya mbao mbili unazotaka kuunganisha isizidi asilimia 2. Kosa ninaloliona kuliko yote ni mninga uliokaa dukani mwaka mzima kuunganishwa na mkaratusi uliotoka kuchanwa.

Dalili: ufa mrefu, au pengo kati ya ubao na fremu

Hapa ndipo pa kukaa kitako, maana dalili nyingine nyingi ni watoto wa hii.

Mbao husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haisogei. Tangu ikiwa mbichi hadi imekauka kabisa, urefu hupungua sehemu ya kumi au mbili za asilimia moja tu. Kwa upana ni habari nyingine. Ubao uliopasuliwa bapa, yaani ule ambao ukiutazama nchani unaona miduara ya ukuaji imelala, husinyaa takriban mara mbili ya ule ambao miduara yake imesimama. Kisha kila mti na tabia yake. Mninga unasifika kwa utulivu: ukipasuliwa bapa husinyaa asilimia 2 hadi 3 hivi tangu ubichi hadi ukavu kamili. Mvule ni karibu 4. Msaji, ambao wengi tunauita mtiki, ni kama 5. Mkangazi hukaribia 6. Misonobari ipo kati ya 6 na 8, na mikaratusi huanzia hapo kwenda juu. Baadhi ya aina zake hupita 10.

Weka namba hizo kwenye kazi halisi. Chukua uso wa meza wenye upana wa milimita 600, futi mbili, uliopoteza asilimia 5 ya maji kwa kutoka Dar kwenda Dodoma. Mbao huanza kusinyaa unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, kwa hiyo gawanya usinyaaji wote kwa 30 upate wa kila asilimia moja ya maji. Mninga utapungua milimita 2 na nusu. Mkaratusi wa asilimia 8 utapungua milimita 8. Ukiwa umeubana huo mkaratusi pande zote kwa fremu ya mninga, kwa gundi na misumari, hizo milimita 8 hazina pa kwenda, na ubao utajichania nafasi wenyewe.

Sasa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulichanganya. Mbao za aina tofauti zikiunganishwa ubavu kwa ubavu, nyuzi zote zikielekea upande mmoja, hazigombani kwa upana. Kila moja inasinyaa kiasi chake na jumla inapungua, basi. Ugomvi unakuja pale nyuzi zinapokatana: ubao wa kufunga ncha ya meza, fremu inayozunguka paneli, mkanda wa mpingo uliotiwa kwa kukingama. Hapo urefu usiosogea umefungwa na upana unaosogea. Hata mninga kwa mninga utapasuka ukiukingamisha na kuugandisha, ila utachelewa, na huko kuchelewa ndiko kunakowafanya watu waamini kwamba tatizo lilikuwa mkaratusi.

Kutambua chanzo, angalia ufa ulipo. Ufa ulioanzia nchani na kuishia njiani kwa kawaida ni ncha iliyokauka upesi kuliko katikati: mbao iliingia kazini ikiwa mbichi, au ncha haikupakwa chochote. Ufa uliokimbia sambamba na nyuzi na kusimama ghafla penye skrubu au msumari unakuonyesha kilichoubana. Pengo lililonyooka upande mmoja wa paneli, na upande wa pili hakuna kitu, maana yake gundi iliingia kwenye mfereji upande ule mmoja na paneli yote ikasinyaa kuelekea huko.

Tiba ni kuiachia mbao icheze. Paneli ikae kwenye mfereji bila gundi, na kwa milimita 600 za mkaratusi ukingo wake uingie ndani ya mfereji zaidi ya milimita 4 hadi 5 kila upande kama unatengeneza pwani na kupeleka bara, ili ikisinyaa isichomoke. Unatengeneza bara na kupeleka pwani? Hapo acha nafasi tupu ndani ya mfereji, maana paneli itavimba huko na inaweza kuisukuma fremu ikaachia kwenye pembe. Kama lazima gundi iwepo, ibandike mahali pamoja tu, katikati ya upana, ili paneli isinyae sawa pande zote mbili. Uso wa meza ufungwe kwenye miguu kwa skrubu zilizo ndani ya tundu refu, tundu likiwa limeelekea upande wa upana. Ncha ya meza ukitaka kuifunga kwa ubao wa kukingama, weka gundi katikati tu, sehemu nyingine zishikwe kwa ulimi na vijiti vilivyo ndani ya matundu marefu. Na paneli ipakwe rangi au vanishi kabla ya kuingizwa kwenye fremu, la sivyo ikisinyaa itatoa mstari mweupe ambao haukupakwa.

Ufa ulioshatokea usiujaze haraka. Mbao ikiwa bado inakauka, kijazio kitaachwa kikining'inia, au mvua zikianza mbao itavimba, itaminya kile kijazio, na itapasuka mahali pengine. Legeza kinachoibana kwanza. Acha msimu upite. Kisha ingiza ukanda mwembamba wa mbao ileile, wenye nyuzi zinazofuata ufa, na si unga wa mbao na gundi.

Dalili: kidole kinahisi ngazi kwenye maungio

Uso ulikuwa laini siku ya kukabidhi. Miezi michache baadaye ukipitisha kidole unahisi mkanda mmoja umeinuka au umezama. Hapa ndipo tofauti ya aina inapojionyesha hata kama nyuzi zote zinaelekea upande mmoja, kwa sababu mbao husinyaa pia kwa unene. Kwenye unene wa milimita 25 na upungufu uleule wa asilimia 5 ya maji, mninga na mkaratusi wanaweza kuachana kwa kama robo ya milimita miduara ikiwa imesimama, na karibu nusu ya hapo ikiwa imelala. Ni kidogo, lakini kidole cha binadamu hakidanganyiki.

Kama ngazi iko pale tu palipo na mbao mbili tofauti, chanzo ni hicho. Piga kikwangua na umalizie upya, ila subiri kitu kikae kwanza mahali pake pa kudumu. Safari nyingine, kwenye ule mti unaosinyaa zaidi, chagua mbao ambazo miduara yake imelala, maana hizo husinyaa kidogo zaidi kwa unene.

Kama ni bonde jembamba linalofuata mstari wa gundi pekee, mbao haina kosa. Gundi nyeupe ina maji. Huvimbisha kingo za mbao pale ilipopakwa. Ukipiga randa kesho yake asubuhi unaondoa uvimbe, na maji yakishatoka panazama. Acha siku tatu nne kabla ya randa ya mwisho, zaidi kidogo wakati wa masika.

Dalili: kiungo kimeachia

Usiipake gundi mpya juu ya ile ya zamani. Fungua kiungo chote, kipeleke kwenye mwanga, na usome nyuso zote mbili. Kuna mambo manne ambayo yanaweza kuandikwa pale.

Nyuzi za mbao zimechanika na kubaki zimeshikana na upande wa pili: gundi ilifanya kazi yake, mbao ndiyo iliyoshindwa. Rudi kwenye sehemu ya ufa hapo juu, kuna kitu kimekingamana.

Gundi yote imebaki upande mmoja kama ngozi nyembamba inayong'aa, na upande wa pili uko mtupu: ule upande mtupu haukushika. Mara nyingi utakuta ni msaji au mpingo, miti yenye mafuta yanayopanda juu baada ya kupigwa randa. Au ni mvule uliopigwa randa butu. Mvule hubeba ndani yake mawe ya chokaa yanayoharibu makali, na kisu butu huisugua mbao hadi inang'aa badala ya kuikata. Uso wa namna hiyo haunywi gundi. Kuna kipimo cha sekunde chache ambacho ninakipenda sana: dondosha tone la maji. Likikaa limejikunja juu juu bila kutanda, usipake gundi. Piga randa kali, au msasa wa namba 80 au 100, futa kwa asetoni na kitambaa safi, ngoja ikauke, kisha unganisha ndani ya robo saa. Ukiacha hadi kesho, mafuta yatarudi. Kwa mpingo mimi sitegemei gundi nyeupe, natumia gundi ya epoksi.

Mbao zote mbili ziko kavu na hakuna gundi ya kuonekana: ilikamuliwa yote nje kwa klempu zilizokazwa kupita kiasi, au upande wa msonobari uliinywa. Hii ni dalili ya kawaida ya jozi ya mti laini na mti mgumu. Msonobari hunywa maji ya gundi upesi, mpingo haunywi. Paka pande zote mbili, upande laini upake mara ya pili baada ya dakika moja au mbili, na kaza klempu mpaka shanga ndogo za gundi zitokeze mstari mzima, kisha acha.

Gundi imekuwa nyeupe na ya unga kama chaki: iligandia kwenye baridi. Pwani hutaiona, lakini Njombe, Mufindi na sehemu za Limuru asubuhi za Juni na Julai zinatosha kuiharibu gundi nyeupe. Lete mbao na gundi ndani usiku uliotangulia.

Niongeze onyo moja. Mbao za msonobari zilizotiwa dawa, zile za kijani zinazouzwa kwa mapaa, mara nyingi zimetiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki. Vipande vilivyobaki kwenye paa visiingie kwenye meza, kitanda cha mtoto wala ubao wa kukatia. Vumbi lake ni sumu, moshi wake ni sumu zaidi.

Dalili: ubao uliobandikwa tabaka umepinda

Umebandika tabaka la mninga juu ya msonobari ili kuokoa gharama. Baada ya muda ubao umejikunja, kingo zimeinuka au zimezama. Tabaka mbili zinazosinyaa viwango tofauti, zikiwa zimegandishwa uso kwa uso, lazima zipinde kuelekea ile inayosinyaa zaidi. Skrubu za kuunyoosha zitahamisha tatizo tu, mwisho wake ni ufa.

Kanuni ni mizani: kinachobandikwa juu kibandikwe na chini, mti uleule, unene uleule, siku ileile, na vanishi ipakwe pande zote mbili hata ule usioonekana. Kama mfuko hauruhusu, tumia bapa la plaiwudi katikati badala ya msonobari, maana tabaka zake zimeshakingamana na halichezi sana. Mninga wa unene wa milimita 3 au chini ya hapo hufuata plaiwudi. Ukifika milimita 6 huanza kuwa na amri yake.

Milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe wa Zanzibar inafaa kutazamwa kwa jicho hili. Ni mizito, imekaa kwenye jua na upepo wa chumvi kwa vizazi, lakini mbao zake za wima hazikugandishwa zikawa kitu kimoja kipana: zimeshikwa na mapao ya nyuma na misumari, na mfaa wa katikati unafunika pengo la mabawa mawili. Mbao inacheza na mlango unabaki mlango.

Dalili: weusi au ubuluu kuzunguka msumari, skrubu au alama ya klempu

Hiki ni chuma kikikutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye baadhi ya miti, penye maji. Msumari uleule uliopigwa kwenye msonobari hautaonyesha kitu, na hatua moja pembeni, kwenye mkaratusi au mgunga, utatoa doa jeusi kama wino. Miwati ya Njombe ilipandwa kwa ajili ya tanini iliyomo kwenye magome yake, basi usishangae mbao za jamii hiyo zikiitikia chuma.

Doa la juu juu huondoka kwa asidi ya oksaliki: vijiko viwili vya chakula kwenye nusu lita ya maji ya moto, ndani ya chombo cha plastiki au kioo, ukiwa umevaa glavu na miwani, nje penye hewa. Paka ubao mzima ule wenye doa, kwa sababu huchubua rangi kidogo na ukipaka doa peke yake utabaki na kiraka. Suuza mara kadhaa kwa maji safi. Usipige msasa kabla ya kusuuza, fuwele zake zikiingia puani ni hatari. Kisha toa chuma kilichosababisha, weka skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Bila hivyo doa litarudi. Na waya wa kusugulia usitumike kabisa kwenye kazi yenye mkaratusi kabla ya vanishi. Vipande vyake visivyoonekana hubaki kwenye vinyweleo, na maji ya kwanza yanatoa madoadoa.

Dalili: wekundu umevuja kwenye mbao nyeupe

Mhusika mkuu ni mkurungu, ndugu yake mninga mwenye wekundu uliokolea, na mara nyingine mninga wenyewe. Rangi yake huyeyuka kwenye spiriti na thina. Kuna njia mbili za kuvuja, na tiba zake ni tofauti.

Kama wekundu umetapakaa kote kama ukungu, ni vumbi la msasa lililoingia kwenye vinyweleo vya mbao nyeupe, kisha mtu akafuta kwa kitambaa chenye spiriti. Kama umeanza kwenye mstari wa kiungo na kutambaa kwa mchirizi, ni brashi iliyopita kwenye mti mwekundu na kurudi kwenye mweupe. Wa kwanza unatoka kwa kikwangua kikali, bila msasa. Wa pili huwa umezama, inabidi ukwangue zaidi.

Kuzuia: maliza kwa kikwangua au randa badala ya msasa, puliza vumbi kwa hewa, usifute kwa kimiminika. Koti mbili za kwanza zipulizwe kwa bunduki, nyepesi, zikauke kabla rangi haijapata nafasi ya kutembea. Huna bunduki? Anza na mbao nyeupe peke yake kwa brashi ndogo, iache ikauke, ndipo upake nyekundu, na brashi isirudi nyuma.

Dalili: vanishi imekauka kwenye mti mmoja, kwenye mwingine bado inanata

Ukikuta msonobari umekauka na mvule, msaji au mpingo bado unashika vidole baada ya siku nyingi, usiongeze koti juu yake ukitumaini. Miti hii ina kemikali asilia zinazoizuia vanishi ya mafuta isigande. Futa kile kinachonata kwa thina hadi ufike kwenye mbao, acha ikauke, kisha paka koti jembamba la shelaki (vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti) iliyotolewa nta. Hiyo inakuwa ukuta kati ya mbao na vanishi. Laka ya selulosi haina shida hii kwa kiasi kikubwa, kwa sababu hukauka kwa thina kuruka tu.

Kazi yenye mvule na mkurungu pamoja ndiyo ngumu: mvule unataka shelaki, na spiriti ya shelaki ndiyo inayoamsha wekundu wa mkurungu. Hapo puliza shelaki, usiipake kwa brashi. Kama bunduki haipo, ningemshauri mteja achague mti mwekundu mwingine.

Dalili: rangi zilizotofautiana zimeanza kufanana

Hili si kosa la kiungo wala la vanishi, lakini malalamiko yake ni mengi. Mvule ukichanwa ni wa manjano, jua na hewa huugeuza kahawia. Mkangazi wa waridi hukolea. Mkurungu wa kuwaka hugeuka kahawia pia. Msonobari mweupe huwa wa manjano ya asali. Kwa hiyo mvule na mkangazi vilivyopendeza kwa kutofautiana dukani vinaweza kukutana katikati baada ya mwaka. Vanishi yenye kinga ya jua hupunguza kasi tu.

Kata vipande vya mbao unazofikiria, paka vanishi utakayotumia, funika nusu ya kila kipande kwa karatasi nyeusi na uviache dirishani penye jua kwa wiki kadhaa. Mteja achague kwa kutazama nusu isiyofunikwa. Anayetaka tofauti ya kudumu achukue mpingo kwa upande wa weusi. Haufifii kirahisi, na viti vya enzi vya Lamu na Zanzibar, vyenye fremu nyeusi na nakshi nyeupe za mfupa na pembe, bado vinaonyesha mistari yake.

Dalili: mabonde kwenye uso baada ya msasa

Mpingo una uzito wa takriban kilo 1,200 hadi 1,300 kwa mita ya ujazo, msonobari kama 450. Mashine ya msasa yenye godoro laini itakula msonobari na kuuacha mpingo umesimama. Tumia kibao kigumu chini ya msasa, msasa mpya, na usogeze kwa mshazari juu ya kiungo. Afadhali zaidi ni randa kali iliyowekwa nyembamba. Na uvae barakoa: vumbi la mvule, mkongo, mninga na mpingo huwasha macho na ngozi, na huziba vifua vya watu wengine hadi kuwa pumu.

Dalili: vitundu vidogo na unga laini chini ya meza

Unga ukiwa laini kama poda na vitundu vikiwa vyembamba kama kichwa cha pini, angalia vimekaa wapi. Karibu kila mara viko kwenye ile mbao nyeupe ya pembeni ya mninga, ambayo imekuwa mtindo kuiacha ili itofautiane na kiini. Kiini cha mninga hakiliwi hivyo. Wadudu hawa wanafuata wanga uliomo kwenye weupe. Kubadilisha jozi hakutasaidia, kwani weupe wa mti wowote wenye vinyweleo vikubwa na wanga mwingi unaweza kuliwa.

Vanishi iliyopakwa juu haiui funza walioko ndani, watatoka kwa kuitoboa. Vanishi iondolewe, mbao ipakwe mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki ulioyeyushwa kwenye maji ya moto, mara mbili au tatu, ikauke vizuri, ndipo ipakwe vanishi upya. Kisha weka alama ya penseli kwenye kila kitundu cha zamani na utandaze karatasi nyeusi chini ya meza. Kitundu kisicho na alama, au unga mpya juu ya karatasi mvua zinapokaribia, unamaanisha bado wapo, na ule mkanda mweupe inabidi ukatwe na kubadilishwa kwa kiini.